Damu ya Mtoto Mchanga na Vijidudu vya Ngozi

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wazazi wengi hulikuta hospitalini wasielezwe maana yake. Mama humleta mtoto wa siku 20 mwenye homa. Mtoto hutolewa damu, mkojo, na pengine maji ya uti wa mgongo. Siku ya pili mama huambiwa kwamba vijidudu vimeota katika chupa ya damu. Kesho yake huambiwa kwamba havikuwa vya ugonjwa. Basi hustaajabu: vilitoka wapi?

Vilitoka katika ngozi. Juu ya ngozi ya kila mtu, hata aliyeoga sasa hivi, hukaa vijidudu ambavyo kwa kawaida havimdhuru. Ngozi isiposafishwa vema, au dawa ya kusafishia isipoachwa ikauke, sindano huvichukua ikavitia chupani, navyo huota katika joto la maabara kama vile vya ugonjwa. Tena mtoto mchanga hatulii, na mshipa wake ni kama uzi. Kosa hili humpata hata muuguzi hodari. Mkojo una taabu zaidi. Ukikingwa kwa mfuko uliobandikwa mwilini hupita juu ya ngozi, na mara nyingi majibu yake hayaaminiki. Ndiyo sababu hutumiwa mpira mwembamba.

Je, tuache kupima? Hasha! Katika hospitali ya Kilifi, tangu mwaka 1998 hata 2002, watoto wa chini ya siku 60 waliolazwa walipimwa damu, na karibu 13 katika kila 100 walikuwa na vijidudu vya ugonjwa kweli kweli. Ugonjwa huo huweza kumwua mtoto upesi, kwa hiyo daktari huanza kutoa dawa kabla ya majibu kuja.

Vijidudu vya ugonjwa mara nyingi huota kabla ya saa 24 kwisha. Vya ngozi huchelewa. Lakini hiyo si kanuni ya daima, na daktari humtazama mtoto mwenyewe, pengine hutoa damu tena. Chupa moja iliyochafuka yaweza kumzuia mtoto mzima hospitalini siku kadhaa, akichomwa sindano bure, na mama yake yuko mbali na wale aliowaacha nyumbani.

Basi, muuguzi akiisha kuisugua ngozi, akasimama kungoja ikauke huku mtoto analia, tafadhali msimhimize.