Majuto, Radhi na Fidia: Msamiati wa Kiswahili na Deni la Dola za Kikoloni



Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alilieleza Bunge kwamba serikali yake inasikitika kwa dhati kutokana na mateso waliyotendewa Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau. Wadai 5,228 walitengewa pauni milioni 19.9, zikiwamo gharama za shauri. Hata hivyo, serikali ilikana kuwajibika kisheria. Tarehe 1 Novemba 2023, mjini Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha kwa matendo ya Wajerumani katika Vita vya Maji Maji (1905–1907), ambavyo hukadiriwa kuua watu hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Aliahidi jitihada za kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Hakutaja kiasi chochote cha fidia.

Hivyo basi, wazee wa Kenya walipata fedha bila kuombwa radhi. Wazee wa Songea waliombwa radhi bila fedha. Je, ni serikali ipi iliyomaliza deni lake?

Kiswahili chenyewe chatoa mwanga. Kitenzi "sikitika" hakihitaji mtu wa pili: mtu aweza kusikitika peke yake, chumbani mwake. Radhi, kinyume chake, huombwa, na mwenye kuitoa ni aliyekosewa. Fidia nayo hudai mlipaji na mlipwaji. Maneno haya si visawe, wala moja halisimami mahali pa jingine.

Wapo wanaodai kwamba watenda maovu wamekwisha kufa, na kizazi cha leo hakina hatia. Hoja hiyo ina uzito kuhusu adhabu, kwani hatia hairithiwi. Deni, hata hivyo, hufuata mali. Katika sheria ya mirathi ifuatwayo na Waislamu wa Pwani, deni la marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana urithi. Mrithi halipi kwa kuwa amekosa, bali kwa kuwa ndani ya mali hiyo mna haki ya mwingine. Dola iliyorithi hazina na makumbusho haiwezi kuyakana madeni yaliyoambatana navyo.

Kwa kuhitimisha, serikali zinapaswa kukiri, kuomba radhi na kufidia, yote matatu. Wanaisimu nao wana wajibu: tamko la masikitiko lisitafsiriwe kuwa ombi la radhi, kwani tafsiri hiyo humsamehe mdeni kabla mwenye haki hajasema neno. Wahenga walikwisha kunena: dawa ya deni ni kulipa.