Papa Wadogo wa Kilindini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wahitimu na wanafunzi, Songea)



Nimeombwa niseme juu ya kazi niliyoifanya pwani. Huenda mkashangaa kuletewa habari za papa hapa Songea, nasi bahari hatuioni. Lakini mtoto wa Mbamba Bay hakosei kati ya usipa na mbasa. Mimi, niliyesomea uvuvi, nilikosea kati ya papa na papa.

Ilikuwa Tanga. Wavuvi wa huko hutega majarife, yaani nyavu za papa, kwenye maji marefu. Nyavu za namna hiyo ndizo zilizomnasa pia silikanti, yule samaki wa kale aliyeanza kuonekana kwetu mwaka 2003. Asubuhi moja waliletwa papa wasiofika urefu wa mita moja, wote rangi ya majivu. Nikaandika daftarini: papa wadogo 9, aina moja. Mzee mmoja akacheka, akasema, "Mwanangu, hebu wapapase mgongoni." Nikapapasa, nikachomwa kidole.

Mwiba ule ndio somo. Papa wa jamii hiyo wana mwiba mbele ya kila pezi la mgongoni, na chini, karibu na mkia, hawana pezi. Sasa pitisha ukucha ubavuni mwa mwiba. Ukiteleza, na shina la mkia lina ukingo kila upande, huyo ni Squalus. Ukikuta mfereji, tazama pezi la kifuani: kama pembe yake ya ndani imevutwa ikawa ncha ndefu, na macho ni makubwa ya kijani, huyo ni Centrophorus. Yuko na mdogo zaidi, Etmopterus, mwenye mfereji vilevile, lakini tumbo lake ni jeusi na hutoa nuru gizani. Rangi ya mgongo msiiamini sana. Samaki akifa hubadilika.

Mtauliza, yote ni papa, kuna hasara gani? Centrophorus ana ini kubwa lenye mafuta mengi, nasi pwani twajua thamani ya sifa, hata vyombo hupakwa. Lakini baadhi yao huzaa mtoto mmoja au wawili tu kwa mimba. Huko Maldivi waliwavua kwa ajili ya mafuta hayo katika miaka ya 1980, na baada ya muda mfupi wakaadimika. Mwaka 2010 serikali ya huko ikapiga marufuku uvuvi wote wa papa. Kwa daftari langu, Centrophorus wangeweza kwisha kabisa Tanga, na mimi ningeendelea kuandika 9, kwa kuwa Squalus wangejaza nafasi.

Nilifuta mstari ule, nikaandika upya: Squalus 6, Centrophorus 3.

Nimekuja na miiba miwili iliyokaushwa. Vijana wapite mbele wajaribu kwa ukucha, ila polepole.