Waliopita Kambini Wapewe Kazi

Ufukweni mwa Ziwa Champlain, katika jimbo la New York, ipo kambi ya vijana ambayo kila anayeingia hupewa namba ya maisha. Camp Dudley ilianza mwaka 1885, na hesabu yake hairudi mwanzo: mtoto wa mwaka huu hupokea namba inayofuata ile ya mwisho ya mwaka jana. Sasa hesabu imepita 20,000. Wazee wenye wajukuu bado huandika namba hiyo pamoja na majina yao wanapowasiliana, na kwa wenyewe namba husema mengi: nani alitangulia, nani alikuwapo enzi za nani, nani kafika juzi.

Mtanzania aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) analielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Vijana wanaoingia kwa mujibu wa sheria hupangiwa jina la operesheni, na miaka kadhaa baadaye watu wawili wasiojuana wakikutana kwenye foleni ya benki, swali huwa ni operesheni gani, na kambi gani: Ruvu, Mafinga, Oljoro au Bulombora? Waliopita Operesheni Kikwete au Operesheni Magufuli wana vichekesho vyao ambavyo mtu wa nje havimchekeshi. JKT iliundwa mwaka 1963. Mafunzo hayo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, na pengo hilo bado linasikika katika mazungumzo ya maofisini. Lipo rika zima la wasomi ambalo halina operesheni ya kutaja.

Alama ya namna hiyo ni mwanzo mzuri, lakini haitoshi. Mada hii ya semina imeandaliwa kwa ajili ya wanaoendesha kambi za vijana, ziwe za skauti, za madhehebu ya dini, za shule au za watoto wenye maradhi ya kudumu, na ina hoja moja: waliopita kambini hubaki karibu pale wanapoachiwa kazi ya kweli. Jarida, fulana na tafrija ya kumbukumbu vina nafasi yake, ila mtu mzima mwenye watoto na mkopo wa kulipa hafungi safari kwa ajili ya fulana. Mifano mingi inatoka Marekani, kwa kuwa huko kambi za likizo ni desturi tangu mwalimu Frederick William Gunn wa Connecticut alipowatoa wanafunzi wake kwenda kulala kando ya bahari mwaka 1861. Muda huo umetosha kuonyesha kipi kinafaa na kipi ni kelele.

Kwanza itazamwe njia ambayo watu hupotea. Mtoto huandikishwa kambini na mzazi. Simu iliyoko kwenye fomu ni ya mama, anwani ya barua pepe ni ya baba, na ada ya kambi imelipwa kwa akaunti ya mmoja wao. Mtoto huyo akitimiza miaka 18 na kuondoka nyumbani, kambi inabaki na mawasiliano ya watu ambao hawakulala hata usiku mmoja chini ya hema lake. Ni jambo dogo la karani, na ndilo linalowapoteza wengi. Dawa yake haina gharama: kijana aliye katika mwaka wake wa mwisho aulizwe mawasiliano yake mwenyewe, kwa ridhaa yake na ya mzazi, kabla hajapanda basi la kurudi nyumbani.

Kisha kuna pengo la umri. Miaka 16 na 17 ni mingi mno kwa mwanakambi na michache mno kwa mlezi. Kambi isiyo na la kumwambia kijana wa umri huo imemfungia mlango, na akishazoea kutumia likizo yake mahali pengine, kumrudisha ni kazi ngumu. Shirika la CISV liliziba pengo hili kwa utaratibu ambao unastahili kuigwa. Lilianzishwa na mwanasaikolojia Doris Allen, na kambi yake ya kwanza ya kimataifa ilifanyika Cincinnati mwaka 1951 kwa watoto wa miaka 11. Mtoto aliyepita humo anaweza kurudi akiwa na miaka 16 au 17 kama mlezi msaidizi, na akishatimiza 21 akaongoza msafara wa watoto wa nchi yake. Kila umri una kazi yake, na kila kazi humfungulia mtu ile inayofuata.

Camp Rising Sun ilikwenda mbali zaidi. Kambi hiyo iliyoanzishwa na George Jonas mwaka 1930, katika bonde la mto Hudson, iliwapokea vijana wa miaka 14 hadi 16 kutoka nchi nyingi bila kuwatoza ada. Swali gumu lilikuwa nani achaguliwe. Nchi baada ya nchi, kazi hiyo ilikabidhiwa kwa waliopita kambini: wao ndio waliokaa na waombaji, wakawahoji na kuwapendekeza. Hakuna ombi la kuhudhuria mkutano mkuu linaloweza kufikia uzito wa kazi hiyo. Anayemchagua mwenzake ana sababu ya kuuliza msimu ulikwendaje, na kijana aliyechaguliwa anarudi nyumbani akimjua mtu mmoja ambaye atamwelewa.

Wafanyakazi ndio wanaosahaulika haraka zaidi. Kambi za Marekani huajiri vijana wengi kutoka nje kwa viza ya J-1, ambayo msingi wake ni sheria ya mwaka 1961 ya kubadilishana wageni, na mlezi wa kambi hawezi kuitumia kwa zaidi ya miezi 4. Anafika Juni, anafundisha kuogelea au kupiga kasia, analea watoto wa watu usiku na mchana, kisha anaondoka kurudi kwao na barua pepe ya chuo ambayo itafungwa akihitimu. Wapishi, madereva na waosha vyombo hali yao ni mbaya zaidi. Majina yao yako kwenye karatasi ya mishahara tu, na karatasi hiyo haifiki kwa anayeandaa orodha ya mialiko. Hata hivyo, wanakambi wa zamani wakisimuliana habari zao, mpishi hutajwa mara nyingi kuliko mkurugenzi. Kambi inayomwalika mwanasheria aliyefaulu na kumwacha aliyempikia uji imekosea hesabu.

Kama upo ushahidi kwamba watu hushikamanishwa na kazi kuliko ofisi ya mahusiano, ni Camp Jened. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1951 huko Hunter, kwenye milima ya Catskill, kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Haikuwa ya kifahari. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 iliendeshwa na vijana wenye nywele ndefu na uzoefu kidogo, na wanakambi waliotumia viti vya magurudumu walicheza besiboli, walivuta sigara, walipendana na kubishana usiku kucha kuhusu wazazi wanaowadekeza kupita kiasi. Kwa wengi wao palikuwa mahali pa kwanza ambapo ulemavu haukuwa habari.

Judith Heumann alikwenda hapo kila likizo tangu akiwa na miaka 9 hadi 18, na baadaye akarudi kuwa mlezi. Akiwa mtoto alikataliwa shule kwa madai kwamba kiti chake ni hatari ya moto. Mwaka 1970 aliishtaki bodi ya elimu ya New York iliyomnyima leseni ya ualimu, nayo ikakubali kumpa kwa makubaliano. Alipohamia Berkeley, California, wenzake kadhaa wa Jened walimfuata. Sheria ya mwaka 1973 ilikuwa imekataza, katika kifungu cha 504, ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu katika shughuli zinazopata fedha za serikali kuu, lakini kanuni zake zilikaliwa miaka minne bila kusainiwa. Aprili 5, 1977 zaidi ya watu 100 waliingia katika jengo la serikali San Francisco na kukataa kutoka. Walilala sakafuni. Chama cha Black Panther kiliwaletea chakula cha moto. Aprili 28 waziri aliyehusika, Joseph Califano, alizisaini kanuni hizo. Miongoni mwa waliokuwa ndani, akiwamo Heumann aliyekuwa mmoja wa viongozi wao, walikuwapo watu waliojuana Jened, ambao walikwishazoea kuvishana nguo, kulishana na kusubiriana katika mazungumzo mwenzao anapozungumza taratibu.

Mwaka huohuo wa 1977 Jened ya Hunter ilifungwa kwa kukosa fedha. Kambi ilikufa, watu wakaendelea. Mmoja wao, Jim LeBrecht, aliyefika hapo kijana, alishirikiana na Nicole Newnham kutengeneza filamu ya Crip Camp, iliyotoka mwaka 2020 na kupata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance. Sehemu kubwa ya utamu wake inatokana na picha za video zilizopigwa kambini mwaka 1971 na kikundi cha vijana waliofika na kamera. Anayepanga kununua programu ya kisasa ya kutunza orodha za watu afikirie kwanza ni nani atakayetunza picha za mwaka huu, na zitakuwa wapi baada ya nusu karne.

Kazi ya pamoja haiji kirahisi namna hiyo kila mahali. Seeds of Peace, kambi ya Otisfield, Maine, iliyoanzishwa na mwandishi wa habari John Wallach mwaka 1993, ilianza na vijana 46 wa Kiisraeli, Kipalestina na Kimisri. Wao wakitoka kambini hurudi kwenye pande za mpaka ambazo haziruhusu kutembeleana. Mwaka 1999 ilifunguliwa ofisi Jerusalem ili wakutane mwaka mzima. Mwaka uliofuata machafuko yalianza, na Asel Asleh, kijana wa miaka 17 aliyepita kambini, aliuawa kwa risasi Oktoba 2000 akiwa amevaa fulana ya kijani ya kambi hiyo. Tangu hapo ni vigumu kuamini kwamba mkutano mmoja wa mwaka unatosha. Watafiti Juliana Schroeder na Jane Risen waliwafuatilia mamia ya vijana wa kambi hii kabla ya kambi, baada yake na tena miezi kadhaa baadaye. Waligundua kwamba mtazamo mwema kwa upande wa pili hupungua mtu akifika nyumbani, lakini hudumu zaidi kwa yule aliyepata walau rafiki mmoja wa karibu kutoka upande huo. Kundi la WhatsApp la watu 250 halileti rafiki huyo. Vijana wawili waliopewa kitu cha kufanya pamoja, hata kiwe kidogo, wanaweza kumpata.

Lipo jambo ambalo semina za namna hii hulikwepa. Si kila aliyepita kambini ana kumbukumbu njema. Februari 2020 chama cha skauti wa kiume cha Marekani kiliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na madai ya watu waliosema walidhulumiwa kingono wakiwa watoto yakapita 80,000. Huenda baadhi yao walikuwa katika orodha za wanachama wa zamani, wakipokea salamu na maombi ya michango huku hakuna aliyewauliza jambo jingine. Daftari la waliopita kambini linapaswa kuwa pia njia ya mtu kuleta malalamiko, na jina la anayeyapokea lijulikane, awe nje ya uongozi wa kambi. Anayetaka watu warudi kwa nyimbo peke yake hajui ni nani amekaa kimya.

Siri nayo ina uzito wake. Uganda kuna kambi ya Sanyuka, kwa ajili ya watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Picha moja ya pamoja ikipandishwa Facebook na jina la kambi chini yake, hali ya afya ya watoto wote waliomo imetangazwa kwa majirani, kwa walimu na kwa mwajiri wa kesho. Katika kambi ya namna hiyo mawasiliano yapitie kwa watu wachache wanaoaminika, na kila mmoja achague kama anataka kupatikana. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Viongozi wengi wa kambi hawajazisoma, ingawa makabati yao yamejaa fomu za watoto.

Kuhusu fedha maneno hayahitaji kuwa mengi. Kambi nyingi za Marekani huwaomba waliopita humo wachangie ada ya mtoto asiyejiweza, na hilo hupokewa vizuri kuliko ombi la kujenga ofisi, kwa sababu mchangiaji anamwona mtoto. Zipo pia wikiendi za kazi, kabla msimu haujafunguliwa, ambapo wazee wa kambi huja kupaka rangi vibanda, kurekebisha paa na kushusha gati ziwani. Wanakula chakula kilekile cha ukumbini na kulala kwenye vitanda vilevile vifupi. Wengine hawajawahi kutoa hata dola moja, na wanakuja kila mwaka na nyundo zao.

Washiriki wa semina hii wanaombwa kuanza na hatua ambayo haisubiri bajeti. Kabla ya likizo ijayo ya Juni, kila kambi ichukue daftari, iandike majina ya walezi, wapishi, madereva na walinzi wa misimu mitatu iliyopita, iwapigie simu mmoja mmoja, na iwaulize ni kazi gani wangependa kuifanya kambini mwaka huu. Wasipewe ahadi ya posho kama posho haipo.