Mbarika na Hamira



Mbarika huota wenyewe nyuma ya nyumba, na aghalabu hufyekwa. Hata hivyo, karibu asilimia 90 ya mafuta yake ni asidi ya risinoleiki, iliyo adimu katika mimea mingine, nayo viwanda huitaka kwa grisi, rangi na nailoni. Mbegu zake, lakini, zina sumu kali.

Ipo hamira iitwayo Yarrowia lipolytica, ihifadhiyo mafuta mwilini mwake. Mwaka 2014 wanasayansi wa Ufaransa walieleza jinsi walivyoitia jeni ya kuvu inayoshambulia nafaka, ikatengeneza asidi ile ile. Hamira haingoji mvua.

Taifa limekwisha kulipia somo la namna hii. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha nyuzi za viwandani zikateka soko na, pamoja na makosa ya uendeshaji, mashamba mengi yakageuka pori.

Hamira hiyo hula sukari, na sukari hutoka shambani. Basi mlango haujafungwa. Walimu wa sayansi waulizwe: je, mwanafunzi wa Katavi ataiona hamira katika darubini, au ataijua kwa maandazi tu?