Pikipiki ya 150: siku 23 za kwanza

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Baraka



Mliniomba niijaribu ile pikipiki kabla hatujatoa pesa ya kununua nyingine tatu. Nimeijaribu siku 23. Saa ya kilomita iko kwenye 1,140. Wengine mliniona nikipita mkacheka, mkasema leo mtu wa mradi anafanya kazi kweli, kwa sababu mmezoea kuniona kwenye jipu, vioo vimefungwa. Mlikuwa na haki. Leo nimekuja na goti lenye kidonda na mguu ulioungua kidogo, na hayo pia nitaeleza.

Tujue kwanza tunazungumza kitu gani. Ni Boxer 150, inatengenezwa na Bajaj ya India. Injini yake ni ya silinda moja, mapigo manne, inapozwa na upepo tu, haina mayi wala radiata. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 144.8, hiyo 150 ni hesabu iliyozungushwa. Tanki inashika lita 11. Hii niliyopewa iko na stata ya umeme na kiki pia, na freni zake ni za ngoma mbele na nyuma. Wafadhili wetu wa Ulaya wataona 150 ni pikipiki ya mtoto. Kwetu ndiyo ya kati: chini yake kuna zile za 100 na 125 ambazo motari wengi wanatumia, TVS na nyingine, na upande wa pili kuna zile ndefu za mashirika. Ndugu zetu waliorudi karibuni kutoka Nyarugusu hawahitaji kuelezwa, Boxer wameipanda Kasulu na Kigoma mpaka wakachoka.

Nianze na zile ndefu, kwa sababu kuna barua ya mfadhili iliyouliza kwa nini hatuombi Yamaha, DT 125 au AG 100, kama zinazoonekana kwenye picha za misaada. Ni swali zuri, na mimi mwenyewe miaka iliyopita ningejibu: ndiyo, tuombe hizo. Ni pikipiki zilizotengenezwa kwa njia mbaya, ziko juu, hazigusi mawe. Lakini ni za mapigo mawili. Zinataka mafuta yao ya injini yaunguzwe pamoja na esanse, na ukikosa mafuta hayo, au ukimimina yoyote yale, pistoni inakwama. Nilifanya kazi mahali, sitapataja, ambapo DT sita zilikaa chini ya hema msimu mzima zikingoja piyesi ambazo zilipaswa kupitia ofisi ya manunuzi, zikaagizwe mbali, zisainiwe, zifike. Sisi tulitembea kwa miguu tukipita mbele ya hema hiyo kila asubuhi. Na bei: kwa pesa ya DT moja mpya unapata Boxer mbili na chenji inabaki.

Basi nilianza. Kilomita za kwanza ni za rodaji, yaani unaenda polepole, haulazimishi injini, haupakii mzigo mkubwa. Nikasema wazi kwa kila aliyenisimamisha barabarani: leo sibebi. Watu walikasirika. Kwenye 500 nilimwaga mafuta ya injini nikatia mapya. Yale ya kwanza yalitoka meusi yenye vumbi la chuma linalong'aa, ni kawaida. Motari wetu wengi hawafanyi hivyo, wanabeba watu wawili na gunia siku ileile pikipiki inatoka dukani, halafu baada ya miezi sita inatoa moshi kama jiko la mkaa.

Jambo la kwanza nililolisikia ni upandaji. Mnajua mlima wa kutoka hapa Baraka kwenda Fizi-centre. Na 125, mtu mmoja nyuma na mzigo, unashuka gia, unashuka tena, abiria anateremka na kutembea. Na hii nilipanda na mtu mzima nyuma na begi la dawa mbele, sikumteremsha. Haikimbii, msidanganyike. Nguvu yake iko chini, pale injini inapozunguka polepole, na huko ndiko sisi tunaishi. Kijana mmoja motari aliniomba aijaribu, akarudi akaniambia, «Mukubwa, hii haina haya, inapanda tu.»

Esanse: kwenda Uvira na kurudi, na mtu nyuma, ilikula lita tano na kidogo. Nilipima kwa chupa, sikukisia. Lakini lita moja niliyonunua kwa kadafi njiani ilikuwa na mayi ndani, pikipiki ikaanza kukohoa, nikakaa dakika arobaini kandokando ya barabara nikisafisha kabureta. Tangu siku hiyo nina kitambaa cheupe mfukoni, kila chupa inachujwa mbele ya macho yangu. Kadafi wananichukia sasa.

Usiku wa siku ya tisa ndio ninaotaka muusikie vizuri, na mwenye habari ameniruhusu niuseme bila jina lake. Walinipigia simu saa tano usiku kutoka kijiji cha juu. Mke wa mwanamemba mwenzetu alikuwa na uchungu tangu mchana na mtoto hatoki. Kama ingekuwa mwaka jana, mnajua ingekuwaje: tipoyi, wanaume wanne, wengine wanne wa kupokezana, taa moja ya tochi, na kufika hospitali asubuhi kama Mungu amependa. Nilipanda. Nilimkuta amesimama ameshika mti wa nyumba. Kiti cha hii pikipiki ni kirefu kuliko cha 125 tulizozoea. Mimi nikakaa mbele kabisa, tumbo langu juu ya tanki, yeye katikati, mama mkwe wake nyuma, amemkumbatia na kunishika na mimi. Watu watatu. Najua mfadhili anayesoma hapa ameshtuka, na kofia ya kukinga kichwa ilikuwa moja tu, tulimvalisha mgonjwa. Sina jibu zuri la hilo. Tulikuwa tunachagua kati ya hatari mbili.

Kushuka mlima usiku na uzito ule ndiko nilikoijua hii pikipiki. Freni za ngoma ukizishika muda mrefu zinapata moto na zinalegea, ndiyo tabia ya ngoma kwenye pikipiki yoyote. Kwa hiyo nilitia gia ya pili nikaacha injini yenyewe ishikilie, freni naigusa tu kwenye kona. Amotisere za nyuma ziliyanyonya mashimo kuliko nilivyotegemea. Mama mkwe aliomba njia nzima kwa Kibembe, kwa sauti, na nakiri ilinisaidia kuhesabu kona. Hatukuanguka. Mtoto ni msichana, na mama yake amekaa pale nyuma leo, anacheka.

Sasa kuanguka. Siku ya kumi na nne nilitaka kufika Lulimba siku hiyohiyo, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mnajua burbiye zetu za msimu huo: lori limezama mpaka kwenye mlango, lingine nyuma yake linangoja, na pikipiki zinapita kwenye ukingo mwembamba kama wa sahani. Tairi zilizokuja na pikipiki ni za barabara, mistari yake ni midogo. Ule udongo mwekundu unaijaza mistari na tairi inakuwa laini kama ganda la ndizi. Wenzangu walisimama, wakateremka, wakasukuma. Mimi, kwa kuwa niliahidi saa nane, sikuteremka. Nililala nayo ubavuni, mguu chini ya egzozi. Kosa ni langu, ila limenifundisha jambo la kuwaambia: tairi ya nyuma ibadilishwe kabla ya mvua, iwekwe ile yenye meno, na kiungwe chuma cha kukinga mguu. Niliweka tairi hiyo wiki iliyofuata, nikarudi mahali palepale, nikapita. Kwa kusukuma, lakini nikapita.

Portbagaji nayo ilivunjika. Niliungisha kwa fundi wetu hapa, nikamwambia atumie chuma chembamba kupunguza bei, halafu nikaipakia magunia mawili ya mihogo. Ilipasuka kwenye maungio kabla sijafika nusu ya njia. Wamama wa biashara, najua hamtapenda, lakini gunia moja na mtu mmoja ndiyo haki yake. Ukitaka magunia mawili, mtu abaki.

Halafu nilifanya jaribio ambalo sikuwaambia wenye kamati. Nilienda kwa mafundi watatu hapa Baraka, kila mmoja peke yake, nikauliza: nioneshe piyesi za hii pikipiki ulizo nazo sasa hivi, si za kuagiza. Asubuhi moja nilishika mkononi viatu vya freni, diski za ambrayaji, kamba za gesi na ambrayaji, buji, mnyororo na meno yake. Kitu pekee nilichokosa ni ile CDI ya umeme wa buji. Hiyo ni ya Uvira, au umtume mtu Kigoma. Kuna tatizo moja: piyesi za kweli na za kuiga zinalala kwenye meza moja, na anayeuza anakuapia zote ni za kweli. Fundi mmoja mzee alinifundisha kupima mnyororo kwa kuushika ncha na kuunyoosha ubavuni. Ule wa kuiga unainama kama kamba. Huyo mzee ningependa awe fundi wetu, na alipwe kwa mwezi, si kwa kila uharibifu. Ukimlipa kwa kila uharibifu, nani atamlaumu kama pikipiki inaharibika?

Nafika kwenye pesa. Mchango wenu na ule wa wafadhili pamoja unatosha pikipiki tatu. Mimi naomba tununue mbili.

Nasikia manung'uniko, subirini. Tatu ni pikipiki tatu tupu: bila plake, bila karte roze, bila asiransi, bila kofia, bila tairi za mvua. Siku ya kwanza barieri ya kwanza itatusimamisha na tutaanza kukopa. Mbili, pamoja na pesa ya ile ya tatu, ni pikipiki zenye karatasi zote, kofia mbili kila moja, tairi za meno, na sanduku la piyesi lenye kufuli ambalo ufunguo wake haukai kwa mtu wa kamati. Mchana zitafanya kazi ya kubeba watu, na dereva analeta jioni pesa tuliyokubaliana. Saa kumi na mbili zinarudi hapa, moja inalala na tanki imejaa kwa ajili ya wagonjwa. Na wafadhili, ninyi ripoti yenu ina mstari unaosema «idadi ya pikipiki». Tunawaomba mkubali kuandika mbili mahali mlipotaka tatu. Nitaandika barua ya kueleza, nitaweka na picha ya lile sanduku ikiwa picha inahitajika.

Ile pikipiki yetu ya kwanza mnaikumbuka. Haikufa kwa barabara. Ilikufa kwa harusi, matanga ya mbali na kampeni za watu ninaowaona hapa. Kwa hiyo naomba iandikwe kwenye daftari leo, kabla ya kununua: Jumapili haitoki ila kwa mgonjwa.

Kuhusu madereva, vijana kumi na mmoja wameandika majina. Wasichana wawili walinijia pembeni wakauliza kama wanaruhusiwa kujifunza. Mmoja nimemfundisha siku nne, anashika ambrayaji vizuri kuliko mimi nilivyoanza. Wamama walioniambia wanaona haya kumkumbatia mwanaume mgeni usiku wakiwa na uchungu, nimewasikia. Nataka mmoja wa madereva wawili awe yeye.

Bado sijui injini hii itakuwaje kwenye kilomita elfu ishirini; siku 23 haziwezi kulijibu. Nitaendelea kuandika daftari la esanse na matengenezo, na litasomwa hapa kila miezi mitatu, hata likiwa na aibu.

Pikipiki iko nje, chini ya mwembe. Ufunguo uko kwa mama mwekahazina. Kabla ya kupiga kura, kila mmoja atoke aikalie, mkae watatu watatu, wamama wenye kilo watangulie, halafu mrudi mniambie kama kile kiti kinatosha kweli au ni mimi tu ninayekisifu kwa kuwa nina makalio madogo.