Utafiti bila Daftari Hupotea bila Habari



Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo napenda tulitazame neno hilo kwa upande wa mali inayozalishwa kila siku katika vyuo vikuu vyetu, nayo ni data za utafiti: majibu ya hojaji, vipimo vya maabara, mahojiano yaliyorekodiwa na majedwali ya takwimu.

Mwezi Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto, nchini Japani, kilipoteza mafaili yapatayo milioni 34 ya watafiti wake. Hapakuwa na moto wala mwizi. Programu iliyowekwa kutunza nakala za akiba ilikosewa ilipokuwa ikirekebishwa, ikafuta kile ilichopaswa kukihifadhi. Vikundi 14 vya utafiti viliathirika, na kazi ya vikundi 4 kati ya hivyo haikuweza kurudishwa. Ikiwa chuo chenye mitambo mikubwa namna ile kilipatwa na msiba huo, sembuse mwanafunzi aliyeweka jasho lake lote katika kompyuta moja?

Lakini upotevu mwingi hauna kishindo. Uchunguzi wa makala 516 za elimu ya mimea na wanyama, zilizochapishwa kati ya 1991 na 2011, ulionyesha kuwa kadiri makala ilivyozeeka ndivyo data zake zilivyozidi kuadimika. Waandishi walikuwa wamebadili anwani, na vifaa walivyohifadhia vilikuwa vimepitwa na wakati. Makala ilibaki, ushahidi wake ukatoweka.

Ndugu zangu, utunzaji wa data ni kazi ya kujifunza, na mahali pa kujifunzia ni chuoni, kabla mwanafunzi hajakwenda kukusanya taarifa. Kwanza, aandike mpango: atakusanya nini, atakiweka wapi, nani ataruhusiwa kukiona. Pili, ayape mafaili majina yenye tarehe na utaratibu, na aandike maelezo ya kila safu ya jedwali ili mtu mwingine aelewe. Tatu, awe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyingine. Nne, majina ya waliohojiwa yatengwe na majibu yao. Jambo hili la mwisho si hiari tena, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini mwetu tarehe 1 Mei 2023.

Tusisahau data hizi ni za nani. Mkulima aliyeacha jembe lake akajibu maswali saa nzima, na mama aliyeeleza maradhi ya mwanawe, walitukabidhi amana. Tukiipoteza, mtafiti mwingine atarudi kuwauliza yale yale, na mpangaji wa maendeleo atategemea ripoti asiyoweza kuihakiki.

Kwa hiyo mwalimu asiishie kusahihisha sura za tasnifu. Amwulize mwanafunzi: data zako ziko wapi, na ukiondoka leo, nani ataweza kuzisoma? Asiyeweza kujibu swali hilo, utafiti wake bado haujakamilika.