Daktari wa Wodi na Mtu wa Maabara Wajuane

Ifuatayo ni hotuba ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa wauguzi, madaktari wa watoto na wahadhiri wa sayansi.



Mimi si daktari, nilisomea uanahabari. Nimeombwa nieleze jinsi ya kuzungumza na wananchi kuhusu tiba ya kukuza upya tishu za mwili kwa watoto. Nitaanza na kosa langu. Miaka michache iliyopita niliandika katika jarida hili kuwa ngozi ya mtoto aliyeungua sasa inaweza kuoteshwa. Wiki iliyofuata mama mmoja alifika ofisini, mtoto mgongoni, shingo ya mtoto imevutwa na kovu la uji moto. Akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo ngozi inaoteshwa hospitali gani?" Sikuwa na jibu. Wala sikumjua mtu wa kumuuliza.

Habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Mwaka wa 1975, Howard Green na James Rheinwald wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha njia ya kukuza seli za ngozi ya binadamu katika maabara. Green hakuwa akitafuta tiba ya moto. Alikuwa akichunguza uvimbe wa panya. Ugunduzi huo ungeweza kubaki kwenye makabati. Lakini mwaka wa 1983 ndugu wawili, wa miaka 5 na 6, waliungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili huko Wyoming, wakapelekwa hospitali ya watoto walioungua mjini Boston. Green naye alikuwa amehamia Harvard, mji huohuo. Madaktari wa upasuaji walikata vipande vidogo vya ngozi iliyosalia, maabara ikavikuza, na ngozi hiyo ikafunika zaidi ya nusu ya mwili wa kila mtoto. Walitoka hospitalini wakiwa hai.

Hapo umbali ulisaidia. Bochum, Ujerumani, mwaka wa 2015, haukuwasaidia. Mvulana wa miaka 7, mkimbizi kutoka Syria, alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ibambuke kwa kuguswa tu. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi yake na madaktari walikuwa wameishiwa na njia. Waliwasiliana na Michele De Luca, mwanasayansi wa Modena, Italia. Kipande kidogo cha ngozi kikapelekwa huko, nakala nzima ya jeni yenye kasoro ikaingizwa ndani ya seli, na ngozi iliyokuzwa ikarudishwa Bochum. Ilifunika takriban asilimia 80 ya mwili. Mtoto alitoka hospitalini Februari 2016.

Najua mnachowaza: maabara kama ile hatuna, na gharama yake si mchezo. Ni kweli. Tena ngozi hiyo haina tezi za jasho wala vinyweleo, jambo ambalo sikuliandika, na kwa jua letu hili lilistahili kuandikwa. Kwa hiyo nawaomba mnisahihishe kabla sijachapisha, si baada ya mama kupanda matatu kuja mjini. Wapo pia matapeli wanaouza "seli shina" kwa wazazi waliokata tamaa. Tukinyamaza, wao ndio watakaosikika.

Nanyi wauguzi, msiseme sayansi hii haiwahusu. Kipande kinachokuzwa lazima kitoke kwenye ngozi iliyopona. Mtoto akimwagikiwa na chai, maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 huzuia moto usizame zaidi. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia havifanyi hivyo. Wahudumu wa afya ya jamii walifundishe hilo nyumba kwa nyumba.

Nimeweka daftari mlangoni. Kila mmoja aandike jina, kitengo na nambari ya simu anayoipokea kweli, si ile ya mapokezi. Nitasambaza orodha hiyo kwenu nyote kabla ya Ijumaa. Yule mama bado namdai jibu, na nambari yake ninayo.

Chai iko nje. Tafadhali daktari akae na mtu wa maabara.